Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Hata Aliyeshindwa Mara 44?

Ndugu msomaji, waijua methali ya wazee wetu isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Mtu akicheza ngoma kijijini kwake, mbele ya mama yake na shangazi zake, hata akikosea hatua hupigiwa vigelegele, na wengine humbandika fedha usoni. Lakini hebu nikuulize: mtu huyo akikosea leo, akakosea kesho, akakosea mwaka huu na mwaka ujao, je, watu wa kwao watakuja tena kumtazama? Au watabaki majumbani mwao, na wale wachache watakaokuja watakuja kwa ajili ya kucheka tu?

Leo nataka kukusimulia habari za vijana waliolikabili swali hili kwa miaka mitano. Walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, huko Marekani. Timu yao ya mpira ilikuwa imeshindwa michezo 44 mfululizo. Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Oktoba 1988, walitakiwa kuingia tena uwanjani, nao uwanja huo ulikuwa wa nyumbani kwao. Keti basi karibu nami, tuupime mchezo huo jinsi watu walivyoupima usiku wa kuamkia siku hiyo. Kisha nitakuambia yaliyotokea.

MPIRA GANI HUO?

Kwanza nikuondolee shaka. Mpira huu si ule uchezwao na watoto wetu kwenye uwanja wa shule. Wamarekani wana mpira wao wenyewe, nao hauna umbo la mviringo kama chungwa, bali ni mrefu wenye ncha mbili, mfano wa papai dogo. Wachezaji huubeba mkononi, huukumbatia kifuani, huurusha kwa mkono, na mara chache tu huupiga teke. Wanaume wakubwa hugongana kama mafahali, ndiyo maana huvaa kofia ngumu kichwani na mito mabegani.

Kila upande una watu 11. Uwanja una urefu wa yadi 100. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa nafasi nne nyingine. Isipofaulu, mpira huenda kwa wapinzani. Atakayefika na mpira hata kuvuka mstari wa mwisho hupatia timu yake pointi 6, na baada ya hapo huweza kuongeza pointi moja kwa teke. Nao wakiona hawawezi kufika mstarini, huweza kupiga mpira kwa mguu upite katikati ya miti miwili mirefu, wakapata pointi 3.

Umeona basi jinsi mchezo ulivyo. Ni kama kulima shamba kubwa kwa jembe la mkono. Hulimi shamba zima kwa siku moja. Unalima tuta hili, kisha lile. Yadi kumi, kisha yadi kumi nyingine. Naomba ulishike neno hili, kwa maana tutalirudia.

SIMBA ALIYEKUWA AKINGURUMA

Chuo cha Columbia si chuo cha jana. Kilianzishwa mwaka 1754, kabla Marekani yenyewe haijapata uhuru. Wengi wetu twakijua kwa sababu Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, alihitimu huko mwaka 1983 kabla ya kuja kuwa Rais. Timu yao ya mpira huitwa Simba, na zamani Simba huyo alinguruma kweli kweli.

Tarehe 1 Januari 1934 timu ya Columbia ilisafiri mpaka California, upande wa pili wa nchi, kucheza na chuo cha Stanford. Mvua kubwa ilikuwa imeugeuza uwanja kuwa matope. Watu wengi hawakuwatazamia vijana wa New York kufanya lolote. Nao wakashinda 7 kwa 0. Mwalimu wao alikuwa Lou Little, aliyewafundisha toka mwaka 1930 hata 1956. Mwaka 1947, wakiwa na mwalimu yuyo huyo, waliwakaribisha nyumbani wanajeshi wa chuo cha West Point, ambao walikuwa hawajashindwa katika michezo 32. Columbia ikawashinda 21 kwa 20. Na mwaka 1961 timu hiyo ilishika nafasi ya kwanza, pamoja na Harvard, katika ligi ya vyuo vyao vinane.

Vyuo hivyo vinane ni Columbia, Harvard, Yale, Princeton, Brown, Cornell, Dartmouth na Pennsylvania. Hapana budi ujue jambo moja juu yao. Vyuo vingi vikubwa vya Marekani humlipia ada mchezaji hodari ili aje kuwachezea. Hivi vinane havifanyi hivyo. Mwanafunzi hupokelewa kwa ajili ya masomo yake, na akisaidiwa ada husaidiwa kwa sababu ya uhaba wa nyumbani kwao, si kwa sababu ya nguvu za miguu yake. Basi wale vijana wa Columbia hawakuwa watu wa mshahara. Walikuwa wanafunzi, wenye vitabu vya kusoma na mitihani ya kufanya kama wenzao wote.

JINSI WALIVYOANGUKA

Tarehe 15 Oktoba 1983 Columbia iliishinda Yale 21 kwa 18. Hakuna aliyejua siku ile kwamba itapita miaka mitano kasoro siku chache kabla hawajashinda tena.

Hesabu pamoja nami. Walishindwa michezo miwili ya mwisho ya mwaka 1983. Mwaka 1984 walicheza michezo 9 wakashindwa yote. Mwaka 1985 walicheza 10, wakashindwa yote. Mwaka 1986 vivyo hivyo, 10. Mwaka 1987 tena, 10. Na mwaka 1988 ulipoanza, wakashindwa mitatu ya kwanza. Jumlisha: ni 44.

Kabla yao, mashuhuri kwa kushindwa walikuwa vijana wa chuo cha Northwestern, karibu na Chicago, walioshindwa michezo 34 mfululizo mpaka walipojikwamua mwaka 1982. Siku hiyo wanafunzi wa Northwestern waling'oa miti ya goli wakaenda kuitumbukiza katika Ziwa Michigan kwa furaha. Mwaka 1987 Columbia iliipita hesabu hiyo ya 34. Iliipita siku ilipofungwa na Princeton 38 kwa 8.

Je, sababu ilikuwa nini? Watu walitaja nyingi. Nitakuambia mbili, kwa maana naona zina maana hata kwetu.

Ya kwanza ni umbali. Chuo chenyewe kipo kwenye Mtaa wa 116, bali uwanja upo kwenye Mtaa wa 218, ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa cha Manhattan, mahali ambapo mito ya Harlem na Hudson hukutana. Ni yapata maili tano. Mwanafunzi akitoka darasani alipanda basi kwenda kufanya mazoezi, kisha akapanda basi tena kurudi, akiwa amechoka, naye bado ana vitabu mezani. Wewe mzazi ambaye mwanao hutembea maili kadhaa kwenda shule, waelewa vema jinsi njia inavyokula nguvu za mtoto kabla hajafungua daftari.

Ya pili ni kwamba kushindwa huzaa kushindwa. Kijana hodari anayeweza kuchagua chuo kimoja kati ya vinane, atakwendaje kwenye timu ambayo kila Jumamosi hufungwa? Huenda kwingine. Basi wanaobaki huzidi kuwa wachache, hufungwa tena, na mwaka unaofuata hodari huzidi kukimbia. Ni kama duka lisilo na bidhaa: wateja hawaji kwa kuwa hakuna bidhaa, na bidhaa haziji kwa kuwa hakuna wateja.

Hata uwanja ulikuwa kama unawacheka. Ule wa zamani wa mbao ulikuwa umebomolewa, na mwaka 1984 ukafunguliwa mpya wa saruji, wenye nafasi ya watu 17,000. Tangu siku ulipofunguliwa, uwanja huo mpya ulikuwa haujaona hata mara moja Columbia ikishinda. Nyumba mpya, na ndani yake kilio tu.

NENO LA MWALIMU

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo lilinifanya niandike habari hii.

Mwaka 1985 timu ilipata mwalimu mpya, Jim Garrett. Alikuwa mtu mwenye bidii na mwenye kuujua mpira. Katika mchezo wake wa kwanza, dhidi ya Harvard, vijana wake walianza vizuri ajabu. Wakaongoza 17 kwa 0. Watu wakadhani giza limekwisha. Kumbe Harvard wakaamka, wakafunga, wakafunga tena, mpaka mwisho ikawa Harvard 49, Columbia 17.

Baada ya mchezo mwalimu yule alisimama mbele ya waandishi wa magazeti. Hakusema, tumekosea, tutajaribu tena. Alisema kwamba vijana wake ni watu waliolevywa na kushindwa, kama mtu alevywavyo na madawa. Akamlaumu waziwazi hata kijana aliyepiga mateke siku ile. Maneno yale yakaandikwa, yakasomwa nchi nzima, na wazazi wa vijana wale wakayasoma pia.

Ndugu msomaji, mimi sitaki kumhukumu mtu yule. Alikuwa amekasirika, na mtu aliyekasirika husema mengi. Lakini tazama matunda ya neno lile. Vijana waliobakiwa na michezo 9 mwaka ule walishindwa yote 9. Mwaka ulipokwisha mwalimu akajiuzulu. Wanawe watatu, Jason, John na Judd, waliokuwa wamemfuata baba yao Columbia, wakaondoka wakaenda kusoma na kucheza Princeton.

Fimbo huumiza mwili, nao mwili hupona. Neno la kumwambia kijana kwamba wewe ndivyo ulivyo, wewe ni wa kushindwa, huingia ndani zaidi. Kushindwa ni jambo linalompata mtu. Si jina lake.

TUUPIME MCHEZO

Haya basi. Ni Ijumaa jioni, tarehe 7 Oktoba 1988. Kesho Simba watawakaribisha Princeton. Na Princeton nao wana jina la mnyama mkali: huitwa chui wa milia, yule mkubwa wa Bara Hindi. Je, Columbia wana tumaini lolote? Tuchukue mizani, tuweke upande huu na upande huu.

Upande wa huzuni kuna mengi. Kwanza, hesabu yenyewe: mara 44. Pili, mwaka uliotangulia Princeton waliwafunga 38 kwa 8. Tatu, Columbia wameanza msimu kwa kushindwa mitatu kati ya mitatu. Nne, anayeongoza mashambulizi ya Princeton, yule anayeshika mpira kwanza na kuamua aende wapi, ni Jason Garrett. Naam, mwana wa mwalimu yule yule! Tena ni hodari hasa: mwaka ule alikuja kuchaguliwa kuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vinane. Wewe fikiri vijana wa Columbia walivyojisikia. Baba alisema ninyi ni watu wa kushindwa. Sasa mtoto anakuja kuwafunga nyumbani kwenu.

Tena kuna jambo zito kuliko yote hayo. Katika timu nzima ya Columbia, vijana hawakujua kushinda kunaonjaje. Aliyeingia chuoni mwaka 1985 alikuwa sasa katika mwaka wake wa mwisho, na katika timu kubwa alikuwa hajashinda hata mchezo mmoja. Mtu ambaye hajala asali utamwelezaje utamu wake?

Sasa tutie kitu upande wa tumaini. Ni vichache, lakini vipo.

Kwanza, mchezo u nyumbani, na siku yenyewe ni ya heshima: ni siku ambayo watu waliosoma zamani hualikwa kurudi chuoni kwao. Wazee wenye mvi, waliokula matunda ya miaka ya ushindi, watakuja na wajukuu wao. Pili, mwalimu wa sasa, Larry McElreavy, yupo nao tangu mwaka 1986. Ameshindwa pamoja nao, na mwaka huu wa tatu bado yupo. Tatu, kuna kijana wa mwaka wa pili, Greg Abbruzzese, anayekimbia na mpira vizuri, naye hakuwapo wakati wa miaka ile mibaya ya kwanza. Hajabeba mzigo wote wa 44 mgongoni.

Nne, mpira wenye ncha mbili ukianguka chini hakuna ajuaye utarukia wapi. Katika mchezo mmoja, wa saa moja ya saa ya refa, aliye dhaifu huweza kumpita aliye na nguvu. Katika michezo mia asingeweza. Lakini kesho hawachezi mia. Kesho wanacheza mmoja.

Mtu mwenye busara angeweka fedha zake kwa nani? Bila shaka kwa Princeton. Nami ningekuwapo, ningesema vivyo hivyo. Huenda hata ungesema: kwa nini wasiache kabisa? Wana masomo, hawalipwi, wanachekwa katika magazeti ya nchi nzima. Kwa nini kijana apande basi maili tano, akagongwe mpaka ajeruhiwe, kwa kazi ambayo imemletea aibu tu?

Jibu lao halikuwa la maneno. Jumatatu walipanda basi. Jumanne walipanda basi. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa vivyo hivyo. Hawakuwa wakijaribu kufuta hesabu ya 44, kwa maana yaliyopita hayafutiki. Walikuwa wakitafuta yadi kumi.

JUMAMOSI YENYEWE

Mchana ule walikuja watu elfu tano na kitu, katika uwanja wenye nafasi ya 17,000. Basi waona kwamba jibu la swali letu la mwanzo ni hili: wengi hawakuja, ila wachache walikuja.

Mchezo ulikuwa mgumu. Abbruzzese alipewa mpira tena na tena, akagongwa, akainuka, akapewa tena. Mpaka jioni alikuwa amekimbia nao zaidi ya yadi 100. Lakini dakika za mwisho zilipokaribia, Columbia walikuwa bado nyuma, 9 kwa 13. Wangapi pale jukwaani walisema moyoni, haya tumeyazoea? Katika miaka mitano watu huzoea hata maumivu.

Zilipobaki yapata dakika tano, Columbia walikuwa wamesogea hadi karibu kabisa na mstari, yadi mbili tu. Kijana mmoja, Solomon Johnson, akakabidhiwa mpira, akajipenyeza kwa nguvu katika ukuta wa miili, akaanguka upande wa pili wa mstari. Pointi sita, na teke likaongeza moja: Columbia 16, Princeton 13.

Je, ulidhani yamekwisha? Bado. Jason Garrett hakuwa mtu wa kukata tamaa. Aliwaongoza wenzake kusogea mbele, hata zikabaki sekunde chache tu. Princeton wakaweka mpira chini waupige teke toka mbali, zaidi ya yadi 40. Ukipita kati ya miti, ni 16 kwa 16, na ushindi wa Columbia umewaponyoka mkononi.

Mpigaji akapiga. Watu elfu tano wakautazama mpira ule hewani.

Haukupita.

Wanafunzi waliruka toka jukwaani wakaingia uwanjani mbio. Wachezaji walikumbatiana na kulia, vijana wakubwa wenye mabega kama milango. Uwanja wa saruji, uliofunguliwa mwaka 1984, uliona ushindi wake wa kwanza. Na wale wa mwaka wa mwisho, walioingia 1985 wakaambiwa kwamba wamelevywa na kushindwa, walionja asali.

BAADA YA VIGELEGELE

Ningeweza kumalizia hapa, nawe ungefurahi. Lakini gazeti la jamaa halipaswi kuwadanganya jamaa. Basi sikiliza na haya.

Columbia hawakugeuka kuwa mabingwa baada ya siku ile. Mwaka ule wa 1988 walimaliza wakiwa wameshinda michezo miwili na kushindwa 8. Miaka mingi iliyofuata ilikuwa ya kupanda na kushuka. Toka mwaka 2012 hata 2015 walianguka tena shimoni, wakashindwa michezo 24 mfululizo, mpaka walipoifunga timu ya chuo cha Wagner 26 kwa 3, mwezi wa Oktoba 2015, tena nyumbani. Wakaanza upya, yadi kumi kwa yadi kumi. Na mwaka 2024, baada ya miaka 63, Columbia walishika tena nafasi ya kwanza katika ligi ya vyuo vinane, pamoja na Harvard na Dartmouth. Wengi waliokuwa jukwaani mwaka 1961 walikuwa wamekwisha kufariki.

Naye Jason Garrett, aliyeshindwa siku ile, usimcheke. Hakuwa na kosa lolote. Watoto hawachagui maneno ya baba zao. Alikuja kuwa mwalimu mkuu wa Dallas Cowboys, timu mojawapo kubwa ya kulipwa huko Marekani, toka mwaka 2010 hata 2019. Yeye pia alishindwa Jumamosi moja, na maisha yake hayakuishia hapo. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

NASI NYUMBANI JE?

Wewe baba, wewe mama, huenda hujapata kuuona mpira wenye ncha mbili, wala huna haja nao. Lakini nadhani nyumbani mwako yupo mtoto aliyeshindwa. Labda ameshindwa mtihani, akarudia, akashindwa tena. Labda amepewa mbuzi wa kufuga wakamfia, akapewa tena wakafa. Labda ni binti aliyejaribu biashara ya maandazi, na jirani zake wakaisha kumhesabia siku za kufunga kibanda.

Siku hiyo ukiwa umeketi naye jioni, utachagua neno. Unaweza kusema lile la mwaka 1985: ndivyo ulivyo. Ni neno jepesi kusema, na hasira hulileta lenyewe mdomoni. Au unaweza kufanya kama wale wachache waliokwenda uwanjani mwaka 1988 bila kujua litakalotokea. Hawakuwa na hakika ya ushindi. Kama wangengoja hakika, wangebaki nyumbani pamoja na wale wengine, nao wangeisoma habari ile kesho yake katika gazeti.

Usimdanganye mtoto kwamba hakushindwa. Anajua ameshindwa, amehesabu mwenyewe. Mwulize tu: kesho tunaanzia wapi? Somo lipi moja? Tuta lipi moja? Kisha kesho yake uwepo, kwa maana mtoto hutazama jukwaani kuona nani amekuja.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee. Lakini methali haijitimizi yenyewe. Hutimia pale tu watu wa kwao wanapoamua kuja, hata mara ya 45.